Taa ya sola yenye sensa ya nje: nenda kununua na rula mfukoni

Hizi taa nimenunua nyingi, zingine zikafa hata mwaka haujaisha, na karibu zote zilizokufa kosa lilikuwa langu mwenyewe, maana nilikuwa nasoma boksi badala ya kuiangalia taa. Boksi linasema wati 300, linasema LED mia na ushee, inawaka usiku kucha, haiingii maji, na pembeni kuna picha ya jumba limewaka lote kama mchana, basi unatoa hela unaenda nyumbani unafunga. Wiki ya tatu inawaka kama kimulimuli.

Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga vile ninavyonunua siku hizi, na utaona mambo ya mwanga wenyewe yanakuja huko mbele sana, kwa sababu LED ndo kitu kisicho na shida kabisa kwenye hii taa, LED nzuri zipo kila kona. Shida iko kwenye paneli (kile kibao kinachonyonya jua), betri na sensa (kile kinachoiwasha taa mtu akipita), na hivyo vitatu unaweza kuvikagua mwenyewe hata kama hujawahi kushika bisibisi.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba mara mbili, usiku halafu mchana

Usiku toka nje bila tochi, pita njia unazopitaga kila siku, kutoka getini mpaka mlangoni, kwenda kwenye bomba, kwenda unapoegesha chombo, nyuma ya nyumba. Pale mguu unapositasita ndo panataka taa. Pale unapopapasa funguo napo panataka taa, ila taa ya aina nyingine kabisa. Na kona ambayo mtu anaweza kujificha inataka ya tatu. Watu wengi wananunua taa nne zinazofanana wanazigawa kona nne za nyumba kama peremende, matokeo yake mlangoni panakuumiza macho na kwenye ngazi huoni unapokanyaga.

Kesho yake mchana rudi sehemu zile zile, saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri, safari hii angalia jua linapiga wapi. Hapa ndo wengi tunaangukia, maana sehemu yenye giza kuliko zote usiku mara nyingi ndo hiyo hiyo haipati jua mchana, chini ya paa la kibaraza, upande wa ukuta usiopigwa na jua, pembeni ya mti. Taa yangu ya kwanza kabisa niliifunga juu ya mlango, pazuri, imenyooka, kila mtu akasifia, kumbe ukingo wa paa unaikinga kuanzia saa nne mpaka jioni. Ilikuwa inapata jua la asubuhi kidogo kisha inakaa kivulini kutwa nzima. Nikailaumu betri, nikabadilisha betri, bado, nikabadilisha taa nzima, bado, mpaka siku nipo nimekaa nje mchana bila kazi ndo nikaona kivuli kinavyotambaa ukutani.

Na usifikiri kivuli kidogo hakina neno. Ile paneli ndani yake imegawanywa vipande vipande vilivyoungana kwa mfuatano, kama watu wamepanga foleni wanapokezana ndoo za maji, mmoja akisimama foleni yote inasimama. Tawi moja jembamba likikata katikati ya paneli linaweza kukuangusha umeme zaidi ya nusu japo kwa macho unaona sehemu kubwa bado inang'aa.

Ukishaona pale unapotaka taa hakuna jua, usilazimishe. Nunua aina ambayo paneli iko peke yake na inaunganishwa na taa kwa waya, huwa waya ni mita 3 mpaka 5, paneli unaipandisha juani taa inakaa kivulini huko unakotaka. Mimi kwa kibaraza siku hizi sinunui aina nyingine.

Hatua ya 2: Pima paneli kwa rula

Hii ndo hatua iliyoniokolea hela kuliko zote, na inachukua dakika moja.

Jua kali la mchana likipiga moja kwa moja linaleta takriban wati 1000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri, zile nyeusi za rangi moja zinazoitwa mono, zinageuza kama asilimia 20 hivi ya hilo jua kuwa umeme. Zile za bluu zenye mabakamabaka, poli, ziko chini kidogo, 15 mpaka 17. Sasa ukipiga hesabu hiyo kwa sentimita unapata njia fupi sana: zidisha urefu kwa upana wa paneli kwa sentimita, gawanya kwa 50, jibu ndo takriban wati za juu kabisa ambazo hiyo paneli inaweza kutoa.

Mfano, paneli ya sentimita 12 kwa 8. 12 mara 8 ni 96, gawa kwa 50, unapata karibu wati 2. Basi. Hiyo ndo injini ya taa nzima, wati 2, na hapo jua liwe kali na paneli iwe safi na iwe imelitazama jua vizuri. Boksi likisema wati 300 mwambie muuzaji paneli ya wati 300 inataka eneo la kama mita moja kwa mita moja na nusu, yaani ukubwa wa meza, na wewe hapo umeshika kitu kinachoingia kwenye kiganja.

Twende mbele kidogo na hesabu hii maana ina raha yake. Wati 2 kwa masaa manne ya jua lenye nguvu ni wati-saa 8, toa kama theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi na kuchaji, unabaki na 5 na kitu. Hiyo ndo bajeti yako ya usiku. Taa yenye mwanga wa kutosha mlangoni inakula kama wati 5 ikiwaka yote. Ikiwaka sekunde 30 kila mtu akipita inakula wati-saa 0.04 tu, kwa hiyo hiyo bajeti inakupa mara mia na zaidi kwa usiku mmoja. Nani anapita mlangoni kwako mara mia usiku? Hakuna. Kwa hiyo unalala tajiri.

Lakini sasa sikiliza hii. Taa nyingi zina modi tatu: ya kwanza inakaa imezima kabisa inawaka mtu akipita, ya pili inakaa na mwanga hafifu halafu inaongezeka mtu akipita, ya tatu inawaka moja kwa moja bila kujali mtu. Watu wanapenda ile ya pili, inapendeza, nyumba haikai giza. Ila ule mwanga hafifu hata ukiwa nusu wati tu, kwa masaa 12 ni wati-saa 6. Umeshamaliza bajeti yote na hakuna hata mtu aliyepita! Ndo maana unasikia mtu analalamika taa yake inakata saa nane usiku, kosa si la taa, ni hiyo modi. Ukitaka mwanga hafifu usiku kucha nunua paneli kubwa mara mbili au tatu, usitegemee miujiza.

Hatua ya 3: Betri, na hapa uwe mbishi

Betri za taa hizi ziko za aina tatu unazoweza kukutana nazo.

Kuna zile ndogo kama za rimoti, za volti 1.2, zinakuwa kwenye taa ndogo za kuchomeka ardhini kwenye njia. Hizo kwa njia ya maua sawa, kwa usalama wa nyumba achana nazo.

Kuna lithiamu ya kawaida ya volti 3.7, zile za mviringo nene kama kidole gumba, zinaandikwa 18650 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Hizi ndo nyingi. Ya kweli inabeba kati ya mAh (kipimo cha chaji ya betri) 2000 na 3500 hivi, kwa hiyo ukikuta imeandikwa 6000 au 9900 hapo umeshajua unaongea na nani. Njia nyingine ya kuijua ni uzito, nzima ina kama gramu 45, ukiishika mkononi unaisikia, zile za uongo ni nyepesi kama maganda.

Halafu kuna lithiamu ya chuma na fosfeti, utaona imeandikwa LiFePO4, volti 3.2. Hii ndo ninayoitafuta mimi. Inabeba umeme kidogo kuliko ile lithiamu ya kawaida kwa ukubwa ule ule, lakini inavumilia joto, na inachajiwa na kuisha mara 2000 na zaidi, wakati ile ya kawaida mara 300 mpaka 500 imeshaanza kuchoka. Taa ya sola inachaji na kuisha kila siku iendayo kwa Mungu, haina likizo, so hiyo tofauti ni ya miaka.

Joto nalisema kwa sababu betri imekaa nyuma ya paneli nyeusi inayopigwa na jua, ndani ya boksi la plastiki lisilo na hewa. Lithiamu ya kawaida haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na humo ndani mchana zinafika bila shida. Kwa wenye baridi ya kuganda nako kuna kesi, chini ya sifuri lithiamu haitakiwi kuchajiwa pia. Hii ni sababu nyingine ya kupenda taa yenye paneli ya pembeni, mara nyingi betri inakaa kivulini na taa.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: betri inabadilishika? Geuza taa uangalie nyuma. Ukiona skrubu, nzuri, ukiona imegundishwa pande zote ujue betri ikifa taa nzima imekufa. Kuna moja nilinunua mwenyewe imeandikwa ina betri tatu, na kweli ilikuwa na uzito wa maana, ilipoanza kufifia nikaifungua na bisibisi ya nyota, nikakuta betri moja imekaa kwenye kona, na upande wa pili kuna kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi, hakijaunganishwa na kitu chochote, kazi yake kuleta uzito. Nilicheka peke yangu. Kwa hiyo ule uzito wa taa nzima usikudanganye, uzito wa betri yenyewe ndo wa kuamini.

Na siku ukibadilisha betri usichanganye aina. Ya 3.7 inajaa ikifika volti 4.2, ya 3.2 inajaa kwenye 3.65 hivi, ukiweka hiyo ya pili kwenye taa iliyotengenezwa kwa ya kwanza itachajiwa kupita kiasi mpaka iharibike. Soma kilichoandikwa kwenye betri ya zamani, weka kama hiyo.

Hatua ya 4: Elewa sensa inaona nini

Sensa ya kawaida, inaitwa PIR, haioni mtu wala haioni mwendo kama macho yanavyoona. Inaona joto linalohama. Ukiangalia kile kikombe cheupe cha plastiki kwa karibu utaona kimekatwakatwa vipande vidogo kama jicho la nzi, kila kipande kinaangalia sehemu yake mbele, na ukiwa unatoka kwenye sehemu moja kuingia nyingine na joto la mwili wako, sensa inashtuka. Ukishaelewa hilo mambo mengi yanajieleza yenyewe.

La kwanza, inakuona vizuri ukiikata kwa mbele, kushoto kwenda kulia. Ukiijia uso kwa uso inachelewa, maana unakaa kwenye sehemu ile ile muda mrefu. Mtu amefunga taa juu ya mlango mwisho wa njia iliyonyooka halafu anashangaa inawaka akiwa ameshafika kwenye kitasa. Ihamishe pembeni, ukutani kwa ubavu, njia ipite mbele yake.

La pili, usiku wa joto kali inaona karibu. Ukuta na ardhi vikiwa na joto linalokaribia la mwili wako sensa inashindwa kukutofautisha, kwa hiyo ile mita 10 ya kwenye boksi usiihesabu, hesabu 6 au 7. Usiku wa baridi inaona mbali vizuri.

La tatu, haipenyi kioo. Usijaribu kuiweka ndani ya dirisha iangalie nje, haitaona kitu.

La nne, chochote chenye joto kinachotikisika kinaiwasha. Paka, mbwa, injini ya gari iliyotoka kuzimwa, hewa ya moto kutoka kwenye kiyoyozi. Wenye mbwa, geuza sensa iangalie juu kidogo au bandika utepe mweusi sehemu ya chini ya lenzi, inasaidia sana.

Kuna sensa nyingine ya mawimbi, wanaiita rada. Hiyo inaona mbali na haijali joto, ila inaona hata nyuma ya mlango wa mbao au ukuta mwembamba, na matawi yakicheza kwa upepo inawaka, halafu yenyewe kukaa macho inakula umeme zaidi ya PIR. Kwa taa ya sola mimi naona PIR inatosha. Muulize muuzaji ni ipi, na kama hajui angalia tu, ile yenye kikombe cheupe cha jicho la nzi ni PIR.

Upana nao uangalie, nyuzi 120 zinatosha ukutani, kwa kona ya nyumba tafuta 180 au zaidi. Na kama taa ina vifundo vya kurekebisha muda wa kuwaka, umbali wa kuona na kiwango cha giza, chukua hiyo. Muda weka sekunde 20 au 30. Zaidi ya hapo ni kuchezea bajeti.

Hatua ya 5: Mwanga wenyewe

Idadi ya LED isahau kabisa. LED 30 nzuri zinaweza kuzidi 200 mbovu. Angalia lumeni, yaani kipimo cha mwanga wenyewe, na nazo uzipime na paneli uliyopima kwa rula, maana LED ya kawaida nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Akikwambia lumeni 5000 ina maana taa inakula wati 50, kwa betri moja ya kidole gumba yenye wati-saa 7 itawaka dakika nane halafu lala salama.

Kwa kukisia: njia ya miguu lumeni 100 mpaka 200, mlangoni 300 mpaka 700, uwanja mpana au kuegesha gari 800 kwenda juu. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa na kama 800, kwa hiyo unaweza kupata picha.

Rangi, boksi zitaandika namba yenye K mwishoni. 3000 ni wa njano, 4000 katikati, 6500 mweupe wenye ubluu. Watu wanapenda huo mweupe kwa sababu unaonekana mkali, ila unavuta wadudu zaidi, na wadudu wakijaa buibui anahamia, na buibui akihamia kwenye sensa anaiwasha ovyo, utaona huko mwishoni. Mlangoni chukua 3000. Na hakikisha kichwa cha taa kinageuka kiangalie chini, usimmulike jirani dirishani, na mwizi naye mwanga ukikupiga wewe machoni ndo anafurahi.

Hatua ya 6: Maji, vumbi na plastiki

Tafuta IP65. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili maji, 65 ina maana vumbi haliingii na maji ya kurushwa kama ya mpira wa bustani hayaiumizi. IP44 ni ya maji ya kurukiarukia tu, iwe chini ya paa tu. IP67 ni ya kuzama kwenye maji, mlangoni huna haja nayo. Usiamini maandishi peke yake, bonyeza kwenye swichi uone kama ina kifuniko cha mpira, pitisha kucha kwenye maungio uone kama kuna mpira wa kuzuia maji.

Na uso wa paneli. Ukigonga kwa kucha kioo kinatoa sauti kali, plastiki inatoa sauti nzito. Ile iliyofunikwa kwa plastiki au gundi ngumu inapauka kwa jua, baada ya mwaka au miwili inakuwa na ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, na hapo hata uisafishe vipi jua haliingii tena. Kioo kinadumu.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujaondoka nayo

Kama unanunua kwa mkono, washa swichi, funika paneli yote kwa kiganja mpaka giza, sogeza mkono mwingine mbele ya sensa. Lazima iwake. Acha ihesabu muda wake ijizime, rudia tena mara tatu. Kisha ondoa kiganja kwenye paneli, mwanga wa mchana ukiipiga isiwake tena hata ukipunga. Ikifeli kimoja rudisha, usikubali kuambiwa ni chaji.

Kama unaagiza kwa intaneti huna kiganja, basi tafuta vipimo vya paneli kwa sentimita kwenye maelezo, ufanye hesabu ya kugawa kwa 50. Asiyeandika vipimo popote mpite. Picha za wateja waliokaa nayo miezi kadhaa zina thamani kuliko nyota tano za mtu aliyeandika "imefika salama".

Nunua moja kwanza. Wiki mbili, halafu ndo uchukue zingine.

Hatua ya 8: Kufunga

Kabla ya kupanda ngazi iweke chini juani siku nzima moja au mbili ichaji. Soma maelezo kuhusu swichi, kuna zinazochaji hata zikiwa zimezimwa na kuna ambazo swichi ikiwa imezimwa hazichaji kitu, mtu anaianika siku tatu halafu anasema mbovu.

Urefu mita 2 mpaka 3. Chini ya hapo mtu anaifikia kwa mkono anaondoka nayo, juu ya hapo sensa inaanza kukukosa. Paneli ukiwa kaskazini mwa ikweta itazame kusini, ukiwa kusini mwa ikweta itazame kaskazini, ukiwa karibu na ikweta yenyewe iangalie juu lakini iache na mwinamo wa nyuzi 10 au 15 ili mvua iioshe na maji yasituame.

Halafu kuna mtego ambao haupo kwenye boksi lolote: taa nyingi zinajua ni usiku kwa kutumia ile ile paneli yao. Paneli ikikosa mwanga inasema giza limeingia. Sasa kama kuna taa ya barabarani au balbu ya kibarazani inaipiga paneli, yenyewe inajua bado mchana, haiwaki ng'o. Na taa yenye paneli ya waya usiimulike paneli yake mwenyewe, itawaka, ione mwanga, ijizime, ione giza, iwake tena, disko usiku kucha.

Matundu ya skrubu yateremke kidogo kuelekea nje ili maji yasifuate skrubu kuingia ukutani, na waya wa paneli uache ulegee ufanye kitumbo chini kabla ya kuingia kwenye taa, maji yadondokee pale.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Futa paneli kwa kitambaa chenye maji kila mwezi, kiangazi chenye vumbi kila wiki mbili. Kinyesi cha ndege kitoe siku hiyo hiyo, ni kama lile tawi. Sabuni ya unga na steelwire usiguse kabisa, zinakwaruza. Msimu wa mawingu rudisha modi ya kwanza, ile ya kuzima kabisa, hata kama ulikuwa umezoea nyingine, jua likirudi utarudisha.

Na ukiona taa inawaka na kuzima usiku bila mtu, kabla hujaita fundi wala hujaogopa, fanya nilivyofanya. Yangu ilianza siku moja kama saa nane usiku, inawaka, inazima, baada ya muda kidogo tena, nipo dirishani nimezima taa za ndani nachungulia nani yuko uani, hakuna mtu. Nikajipa moyo nikatoka na tochi. Nikakuta utando umefungwa kutoka kwenye ukingo wa paa mpaka kwenye kikombe cha sensa, na buibui mmoja mnene amekaa juu kabisa ya lenzi, upepo ukija utando unamsogeza kushoto na kulia, kushoto na kulia. Tangu hapo naweka brashi kuukuu ya rangi pale mlangoni, nikipita na ngazi nafagia sensa na kona zake, mara moja kwa mwezi sawa na ile siku ya kufuta paneli.

Betri ikianza kuchoka utajua kwa taa kukata mapema hata siku ya jua kali na paneli ikiwa safi. Badilisha betri, usitupe taa. Ile ya zamani usiichome moto wala usiitoboe, bandika utepe kwenye ncha zake mbili uipeleke wanakokusanya betri chakavu, na iliyovimba iweke nje kwenye kopo la chuma mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke.